Chanda Chema

Attracta, mama yangu, alikuwa na vidole vya posta:
kimoja cha wino, kimoja cha gundi,
na kidole gumba kilichomaliza kuhesabu stempu
kabla ulimi haujafika kumi.
Dirisha la pili, Posta ya Sligo.
Nje mvua, ndani foleni ya makoti yaliyolowa.

Chanda chema huvikwa pete, husemwa.
Serikali ilikubali,
ikaongeza mstari wake:
na kikishavikwa, kitoke kazini.

Basi walifunga ndoa Jumamosi, mbali, huko Leitrim,
kwa padri mzee asiyesikia vizuri,
na Jumatatu alfajiri mama akaivua pete,
akaitunga kwenye uzi wa kushonea magunia,
akaificha kifuani, chini ya sweta.
Miezi minane.
Mchana Binti Feeney,
usiku mke wa Fintan Mulhern.

Pete haikumsaliti. Uzi ndio uliomsaliti.
Aliinama kupima kifurushi cha kwenda Boston,
soksi, keki, picha ya ng'ombe,
uzi ukakatika, pete ikaanguka
ting! juu ya sahani ya mzani.
Mshale ukacheza, ukatulia.
Foleni nzima ikausoma uzito wa ndoa:
haukudai hata stempu ya pili.

Bwana Tuohy, msimamizi, hakuwa mtu mbaya.
Namtetea kwa kuwa mama alimtetea.
Alifunga dirisha, akamletea chai,
akatafuta fomu; mkono ulimtetemeka
alipofika penye Sababu ya Kuacha Kazi.
Akaandika: ndoa.
Vile vile ambavyo angeandika: kifua kikuu.

Wiki ileile Declan wa dirisha la tatu alioa.
Walimwimbia. Walimwongezea mshahara,
maana sasa ana mke wa kulisha.

Mama alipewa kiinua mgongo.
Neno zuri hilo, kiinua mgongo,
kwa mgongo uliokuwa umenyooka
hadi asubuhi ile.

Baba alitaka wanunue ndama.
Yeye akanunua mzani wa jikoni, wa shaba,
na majirani wakaanza kuleta barua zao
kuuliza zinahitaji stempu ya kiasi gani.
Hakukosea hata mara moja. Hakulipwa.
Nilikua nikidhani kila nyumba hunukia unga na gundi.

Mwaka sabini na tatu redio ikatangaza: sheria imefutwa.
Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu za shule.
Mama alikuwa akimenya viazi; hakugeuka.
Masharti tuliyasikia baadaye:
aliyekwisha kutolewa, akitaka kurudi,
awe mjane, au mume awe hamtunzi.
Baba akacheka, "Nife lini, Attracta, ikufae?"
Hakuna aliyemjibu. Akaacha kucheka.

Usiku nilimwona kwenye karai,
sabuni hadi kiwikoni,
akiizungusha ile pete, akiivuta.
Chanda kilikuwa kimenenepa:
watoto watano, baridi, miaka kumi na miwili ya maji.
Haikutoka.
Akajifuta mkono, akaichukua barua ya jirani
iliyokuwa ikingoja dirishani, akaipima.
"Hii haivuki bahari," akasema. "Stempu moja inatosha."