Kizibo cha Buluu

Jana mwalimu aliniletea ujumbe:
“Kesho ni chanjo ya surua. Mama Murhula,
heri umbakize nyumbani. Atapiga kelele
na wenzake watatawanyika.”

Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana pia.
Kwenye kadi yake kumebaki nafasi tupu
kama pengo la jino.

Nyanya yake wa Bagira husema: afadhali,
sindano ndizo zilizomfunga ulimi.
Mimi natwanga sombe, sijibu.
Nani aliyemnyonyesha, yeye ama mimi?
Tangu siku za kwanza alinyonya
macho yakiwa kwenye taa,
si usoni mwangu. Kamwe si usoni mwangu.
Usonji haukuingia kwa tundu la sindano.
Surua ndiyo iliyoingia kwa jirani,
ikatoka na mtoto.

Leo nimempeleka mwenyewe, saa nane,
mvua ya Bukavu ikiwa imefukuza foleni.
Ngazi zetu za Cimpunda ni mia na arobaini na mbili.
Nazijua kwa kuwa yeye huzihesabu,
na tukikosea moja tunarudi juu.
Tulirudi mara mbili. Tulifika tumelowa chapachapa.

Muganga Nsimire alikuwa anafunga sanduku la barafu.
Akaona mikono ya mtoto masikioni.
Hakuuliza ana nini.
Alizima redio, akavua koti jeupe,
akalitundika msumarini.

“Chupa moja ni ya watoto kumi,” alisema,
“na ikishafunguliwa haingoji kesho.”
Nikajua tumefukuzwa kwa adabu.
Nikaanza kumfunga mwanangu vifungo vya sweta.

Akaifungua.
Kumi, kwa ajili ya mmoja.
Kizibo chake, cha buluu, akamwekea Murhula kiganjani.

Sitadanganya: alilia. Alilia hadi dirisha likatetemeka,
akaniuma bega, nami nikamwacha aume.
Muganga alihesabu naye kwa sauti ya chini,
moja, mbili, tatu,
wakafika arobaini, sindano ikiwa imeshatupwa zamani.

Sasa ni usiku. Umeme umekatika.
Amepanga vizibo vyake vya bia dirishani,
vyote vikitazama upande mmoja.
Kile cha buluu amekiweka peke yake, mbali na safu.
Sijui maana yake.
Nafagia kwa kukizunguka.

Mwalimu bado sijamjibu.