Deni la Theluji

Tarehe mosi Februari theluji ilikopa glovu ya Eelis,
ile nyekundu, ya mkono wa kushoto,
iliyofumwa na bibi yake kwa sufu ya masazo.
Tuliisaka hadi taa za barabarani zikawaka,
na hapa Kajaani huwaka kabla mtu hajawaza chai ya jioni.
Jouko alichimba kwa koleo, mimi kwa viganja,
Eelis akawa anaiita, kana kwamba glovu ina masikio.
"Imekopwa tu," nikasema. "Theluji hulipa Aprili."
Ana miaka minne. Akauliza:
"Aprili ni kesho ya ngapi?"

Tangu hapo mkono wa kushoto huvaa soksi ya baba.

*

Venla, miezi saba, hulala usingizi wa mchana nje,
varandani, kwenye kigari, chini ya ngozi ya kondoo,
kama alivyolazwa baba yake, na babu yake.
Nyuzi nane chini ya sifuri.
Mimi ndani nachungulia dirishani kila dakika tatu
nikiitafuta pumzi yake: moshi mwembamba,
kama wa kibiriti kilichozimwa sasa hivi.
Upo.
Narudi kwenye ukuta.

Maana mwezi huu tunabandua ukuta.
Nyumba tuliuziwa kwa bei ya huruma,
na sasa tunajua huruma ilimhusu nani.
Chini ya maua ya kahawia, mistari ya kijani;
chini ya mistari, gazeti lenye tangazo la viatu vya mpira;
na ubavuni mwa tangazo, kwa penseli, mwandiko ulioinama:
*maziwa, misumari, mishumaa. Usisahau mishumaa.*
Tukasimama, kila mmoja na kikwaruzo chake.
Nadhani tuliwaza mambo mawili,
kwa sababu Jouko alisema, "Misumari!" akakimbilia dukani,
nami nikabaki nikijiuliza
kama walikumbuka, au walikaa gizani.

*

Jumamosi: kilima cha nyuma ya shule. Sleji moja, watu watatu,
machozi yakaganda kwenye kope kabla hayajapata sababu.

Jumapili: ziwani. Jouko akatoboa barafu kwa kekee,
tukakodolea macho tundu lisilozidi sahani
saa mbili nzima. Sangara mmoja, urefu wa kidole changu.
Eelis akamwomba radhi, akamrudisha.
Tukala soseji.

Jumatano bomba la jikoni likaganda.
Kikausha nywele changu, zawadi ya harusi,
hatimaye kikapata kazi ya maana:
Jouko chali chini ya sinki, akilipulizia bomba joto
kama mtu anayemuuguza mgonjwa wa kifua.
Humo humo tukagombania karatasi mpya za ukutani.
Yeye anataka nyeupe.
"Nyeupe!" nikasema. "Fungua mlango, tazama nje,
imejaa tele, tena ya bure."
Akataka kujibu, lakini maji yakakohoa,
yakakohoa tena, yakaja,
tukanyamaza wote tukiyasikiliza.

*

Tarehe ishirini na nane koleo likanasa kitu kando ya lango.
Glovu! Lakini ya buluu, kubwa kidogo, ya mkono wa kulia,
ya mtoto tusiyemjua, wa majira tusiyoyajua.
"Hiyo ni riba," akasema Jouko.
Eelis akaipima, ikampwaya,
akaitundika juu ya nguzo ya uzio, wima,
kama wafanyavyo watu wa hapa, mwenyewe apite aione:
mkono wa mwanafunzi anayelijua jibu
na mwalimu hamtazami.

Usiku, kabla ya kubandika karatasi mpya
(za njano; nilishinda),
nikachukua penseli ya Eelis iliyotafunwa kichwa,
nikaandika ukutani, chini ya mishumaa ya mtu yule:
*Tunaidai theluji glovu moja, nyekundu, ya kushoto.*
Naye, aliyepaswa kuwa amelala, akaja na soksi yake mkononi,
akauliza kama kawaida.
Nikahesabu kwa vidole vyangu, kisha kwa vyake.
Kesho ya thelathini na mbili.