Mchepuo

Fomu ina visanduku vinne:
Mafuta na Gesi. Biashara ya Kimataifa.
Haki za Binadamu. Ardhi.
Weka alama ya vema kwenye kimoja tu,
irudishwe Ijumaa kabla ya saa tisa na nusu.

Mimi nilishaamua tangu mwaka wa kwanza.
Gesi. Mjomba Chibago alisema gesi inalipa,
na mjomba hakusomea chochote ila hesabu ya mbuzi,
lakini hesabu hiyo haijawahi kumkosea.

Kwenye mahakama igizo nilikuwa simba.
Joho la kuazima, mikono inanipwaya,
"Mheshimiwa Jaji, kwa heshima na taadhima,"
na Jaji mwenyewe ni Lusajo wa chumba namba sita
ambaye mpaka leo ana sufuria yangu.
Nilishinda. Walipiga makofi.

Kisha fildi. Wiki ya tatu, Baraza la Ardhi,
nimepewa kazi ya kitaalamu:
kushika ncha ya futi kamba
huko Mpunguzi, jua la saa saba,
upepo ukitugawia vumbi bila upendeleo,
mdai, mdaiwa, mwenyekiti na mimi.

Mdaiwa alikuja na karatasi yenye mihuri mitatu.
Bibi Nyendo alikuja na jembe.
"Mbukwenyi," akatusalimu, basi.
Wakili akasoma karatasi, aya kwa aya,
nami nikitikisa kichwa
kila kifungu nilichokijua kilipopita.

Mpaka ni upi? akauliza mwenyekiti.
Mdaiwa akaonyesha uzio wa minyaa,
mbichi, umenyooka kama uliopigwa rula.
Bibi hakunyoosha kidole.
Alihesabu hatua kumi na mbili kuingia kwenye mizabibu,
akainama,
akachimba.

Hakuna mhadhara ulionifundisha kusubiri vile.

Jembe likagonga.
Kisiki cha mnyaa, kimekatwa kwa panga.
Futi mbili mbele, kingine.
Na kingine. Vimejipanga chini ya udongo mwekundu
kama mashahidi wanaongoja kuitwa majina.
Kimoja kilikuwa bado kinatoa utomvu.

"Andika," mwenyekiti akaniambia.
Miaka mitatu nimesoma sheria kwa Kiingereza;
kalamu ikasita hewani,
ikatafuta neno lenye suti na tai.
Mwishowe nikaandika: *kisiki*.

Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na nne.
Mdaiwa anataka mpima wa serikali.
Ni haki yake. Hilo nalo nimelijifunza,
ingawa halikunipendeza.

Usiku, fomu iko mezani.
Nimenawa mara mbili; utomvu haujatoka kidoleni,
na mtoto wa Ugogo hafundishwi chuoni
kwamba ukishika mnyaa usiguse jicho.

Mjomba akapiga.
"Umeshajaza?"
"Bado."
"Si gesi?"
"Mjomba, lile shamba la bibi kule Mvumi,
mpaka wake wa zamani unaukumbuka?"

Akanyamaza
muda mrefu mno
kwa mtu anayelipia dakika.