Mnong'onezi

Miaka arobaini na mitatu nimekaa shimoni,
kichwa sawa na sakafu ya jukwaa,
nikiwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau.
Ukitaka historia ya onyesho letu, Habari Mbichi,
nitakupa ya viatu.
Nyuso sikuziona sana.

Tulianzia Lisbon, nyuma ya duka la dagaa wa kopo.
Hadi leo pazia linanuka mafuta.
Baltazar alivaa buti za jenerali zilizompwaya,
akazishindilia magazeti:
habari ya jana miguuni, ya leo mdomoni,
ya kesho tukiiogopa.
Zulmira alikuwa na wigi moja la mawaziri wote.
Wa fedha alichanwa kulia, wa vita kushoto.
Walifukuzwa kumi na mmoja. Wigi halikufukuzwa.

Kila Jumatano alikuja bwana wa viatu vya kahawia,
soli mpya kila msimu, penseli ya buluu sikioni.
Alikaa safu ya tatu, peke yake katika ukumbi mtupu,
akatazama mwanzo hadi mwisho bila kucheka,
kisha akapanda jukwaani kukata.
Alikata "njaa".
Alikata "samaki", akidhani ni fumbo.
Hatukuwa na fumbo lolote, walikuwa samaki tu.
Tangu siku ile wakawa fumbo.

Palipokatwa neno, Deolinda alikohoa.
Kikohozi kimoja, kikavu. Akangoja.
Na watu mia mbili wakalitia neno wenyewe,
kila mmoja lake, wakavunjika mbavu.
Penseli itakata nini pale?
Muswadani niliandika: hapa kohoa.
Miaka kumi na saba kazi yangu ikawa
kuwakumbusha watu wasiseme.

Kisha Aprili. Buti za kweli jukwaani, zina matope.
Askari kijana, ua jekundu mdomoni mwa bunduki,
ameingia kuomba maji.
Ukumbi ukadhani ni mchezo, ukampigia makofi.
Akainamisha kichwa, akanywa, akatoka.
Huyo hakunihitaji.

Wiki iliyofuata tulisema yote:
njaa, samaki, majina ya watu na ya baba zao.
Vumbi likadondoka darini kwa shangwe.
Mwezi wa tatu, kicheko kikaanza kupwa.
Deolinda alishuka shimoni, akavua kiatu kilichombana.
"Evaristo," akasema,
"nikikohoa sasa, wananiletea dawa."

Sitataja miaka yote. Kuna msimu tulicheza kwa watu tisa,
wawili wao wakikimbia mvua.
Sasa ni viatu vya raba, vijana wenye simu,
wanabadili mzaha kati ya sehemu ya kwanza na ya pili
kwa sababu waziri amejiuzulu wakati wa mapumziko.
Maneno wanapewa na kidude cha sikioni.
Mimi wameniacha, kama wigi.

Ijumaa iliyopita kidude kilizimika.
Kijana yumo katikati ya mzaha wa kodi za nyumba,
raba zake nyeupe zimeganda mbele ya pua yangu.
Muswada sina. Hawaniletei tena.
Nikakohoa.

Ukumbi kimya.
Halafu nyuma yangu, kama safu ya tatu hivi,
mtu mmoja akacheka, peke yake, kwa muda mrefu,
kicheko cha mzee, chenye kutu,
ambacho sijapata kukisikia.

Nilipotoka shimoni watu walikuwa wanatawanyika.
Mlangoni niliona viatu vya kahawia.
Soli zimeisha kabisa.