Siku Nne za Hati

Jumatatu kwa wakili ulinipa nyumba ya Kuze.
"Kwa mapenzi," hati yasema;
mume akimpa mke, kodi hufumba jicho.
Ijumaa nitie sahihi tena, aichukue mnunuzi.

Wakili akakohoa: faida, siku ya kuuza,
itahesabiwa tangu bei ya mwanzo, mwaka ulionunua.

Vyema, Shekuwe. Nami nahesabu tangu hapo:
miaka ishirini na sita nikikuomba
dirisha moja tu la jikoni.

Jumanne nililala humo peke yangu, mlango nimeutia komeo.
Jumatano nikamwita fundi Mbaruku na tindo yake.

Leo Alhamisi. Upepo unapekua hati
juu ya meza ya unga.
Simu inalia. Ni wewe.

Ngoja chapati zisiungue.