Kitovu cha Meza

Sandukuni waliandika: mia tatu kwa mia nne.
Milimita, kwa wino mweusi, karibu na picha ya bilauri
inayoomba mzigo usitupwe.
Nikaamini. Mimi ni mtu wa karatasi:
miaka thelathini na moja ofisi ya ardhi,
nikinakili urefu wa viwanja
nisivyowahi kuvikanyaga.

Sasa nimestaafu. Nina banda la bati hapa Nkuhungu,
vipande vya mninga, feni yenye kikohozi,
na mashine ya kuchonga niliyoifunga mwenyewe,
skrubu kwa skrubu, wiki tatu,
mke wangu akiuliza kama itajua kusonga ugali wa uwele.

Jana niliituma mia nne.
Ilifika mia tatu hamsini na kitu, ikagonga chuma,
ikaguguna reli kama fisi na mfupa,
mota ikilia palepale,
na mimi natafuta swichi kwa mikono miwili.

Leo tunaanza kwa adabu.
Kisu nimekitoa, nimebana penseli mahali pake.
Mjukuu wangu Sechelela kashika tepu.
Naisogeza kushoto milimita moja moja
hadi inapogusa; nairudisha mbili.
"Hapa ndipo sifuri."
"Nani kasema?"
Swali la haki.
Nimesema mimi.

Kulia: mia mbili sabini na nne.
Mbele hadi nyuma: mia tatu hamsini na nane.
Toa vibano vinavyoshika ubao,
toa nusu ya unene wa kisu kila upande,
maana kisu nacho kina tumbo.
Inabaki mia mbili hamsini kwa mia tatu thelathini.
Hicho ndicho chakula. Kile kingine kilikuwa harufu.

Umeme ukakatika.
Upepo wa Julai ukaingiza vumbi jekundu chini ya mlango.
Uliporudi, mashine iliamka na kudhani
popote ilipo ndipo mwanzo wa dunia.
Tukarudi kushoto. Ikagusa. Mbili nyuma.

Hapo, sijui kwa nini, nikamkumbuka Mama Mbeleje
dirisha namba tatu, na kamba ya katani
yenye fundo kila hatua.
"Kiwanja changu hakifiki hiyo namba yenu," alisema,
"korongo limekula kona."
Nilimfungulia jalada. Jalada lilikuwa sahihi.
Jalada halikuwahi kushuka korongoni.
Nikamwambia, mama, namba ni hii,
naye akaizungusha kamba kiganjani na kiwiko, polepole,
kama mtu anayekunja mkeka baada ya msiba.

Sechelela anavuta nyuzi mbili, kona hadi kona,
mmoja wa kijani, mmoja wa kofia ya bibi yake.
Zimepishana milimita moja kwa urefu. Nasamehe.
Zinapokutana, penseli inasimama papo hapo:
mia na ishirini na tano, mia na sitini na tano.
"Babu, mbona si katikati ya meza?"
Kweli. Ni vidole viwili kushoto,
karibu na jicho la ubao.
"Katikati ya meza ni mali ya meza," namwambia.
"Hapa ni katikati ya mkono wake,
kule unakofika kweli."

Narudisha kisu. Kinashuka,
kinatoboa tundu dogo kama punje ya uwele.
Napuliza unga wa mbao. Yeye anaweka kidole.

Kisha nachukua kalamu, nakwenda kwenye sanduku,
nakata mia tatu, nakata mia nne,
mkono ukisita, haujazoea kufuta.

"Babu, yule mama mwenye kamba,
ilikuwa na mafundo mangapi?"

Sikuhesabu, mwanangu.
Ilikuwa saa sita na nusu, foleni ndefu,
nilikuwa nimeshafunga jalada.