Ufunguo wa Kreni

Chola amerudi kazini, baada ya miezi saba na siku tatu.
Daktari kampa barua, ofisi imempa barua,
mimi nikapewa ufunguo wa kreni ya pili
na neno la mkurugenzi: "Utaona mwenyewe."

Nione nini?

Vijana wa Katuba walikata kicheko alipoingia.
Mmoja akamsogezea kiti.
Nikamtuma stoo ahesabu glavu.
Akarudi na karatasi, mwandiko umenyooka:
jozi mia mbili na kumi.
"Hata jana zilikuwa hizo hizo, shefu.
Imeandikwa mlangoni."

Usiku bukari ilinikwama.
Mke wangu akauliza: "Na Kisimba, yule wa malaria,
naye ulimhesabisha glavu?"
Hapana. Kisimba alitetemeka siku tisa,
akarudi, akapanda, hakuna aliyemsogezea kitu.

Lakini chini ya kreni hupita watu kumi na wanne,
na ndoo ya shaba iliyoyeyuka haisomi barua.
Hilo nalo ni kweli. Sikulala.

Kulipokucha nikamwuliza mwenyewe,
jambo ambalo barua zote mbili zilisahau.
Akatazama moshi wa dohani, umelalia upande wa mto.
"Nipandishe bila mzigo kwanza. Wiki moja.
Simama pale chini, angalia kreni.
Usiniangalie uso."

Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wangu.
Akaupangusa kwenye ovaroli yake, taratibu.

Ngazi ina vipago arobaini na viwili.
Nilivihesabu vyote,
kama glavu.